Kitabu Kifuani kwa Bibi

Kitabu alichokisaka Yesaya miaka thelathini, hadi soli za viatu zikamwishia, kilikuwa ndani ya jeneza, kifuani kwa marehemu, na fundi ameshashika nyundo.

Ndicho. Jalada la ngozi ya ndama, pembe moja imetafunwa na panya, na picha ya punda aliyevaa kofia ya askofu. Chapa ya miaka mia tano, hapa kijijini Ibaba!

“Ngojeni! Nipeni hicho!”

“Kitabu cha sala cha bibi?” mjukuu wa marehemu aling'aka. “Mzee, Kilatini chote hicho!”

“Si sala, mwanangu! Kinawacheka mapadri walafi!” Sauti ilimpasuka.

Waombolezaji wakaguna. Padri akakichukua, akasoma mstari mmoja, akauma mdomo kuzuia kicheko, mabega yakamtikisika.

Kisha akakirudisha taratibu kifuani kwa bibi.

“Ni sala,” akasema. “Fundi, pigilia.”