Kiboko na Jina la Pimbi

Katika nchi ambayo wanyama walikuwa na bendi zao, hakuna aliyemshinda Kiboko kwa kupiga gitaa la besi. Korongo, mwimbaji mashuhuri, alimsihi ajiunge na bendi yake.

"Nije kugombania ugali na wenzako?" Kiboko akacheka. "Niite siku ya kurekodi tu, ndugu yangu. Nipige, nilipwe, nirudi bwawani kwangu."

Basi Pimbi akawa mpiga besi wa bendi dansini, na Kiboko akawa anapiga studioni. Lakini Korongo alikuwa na desturi ya kuwataja wanabendi wake ndani ya wimbo, na kila besi ilipoingia, hata studioni, aliita, "Pimbi!"

Miaka ikapita, bwawa likazidi kuwa kimya. Kiboko akaenda kwa kijana Nyegere, aliyekuwa akiunda bendi mpya, akaomba nafasi. Akapiga kwa moyo wake wote.

"Mzee wangu, mkono unao," akasema Nyegere, "ila hatutaki mwigaji. Hiyo ni besi ya Pimbi, tumekua tukiisikia."

Kiboko alirudi bwawani, akaweka santuri ya Korongo. Korongo alipoita, "Pimbi!", Kiboko akajibu polepole, "Naam."