Maswali ya Bi Swaumu Kuhusu Meli

"Na mtu akifa melini, hufanywaje?"

Sindano ya Twalibu ilikwama katikati ya ngozi. Fundi huyu wa makubadhi, ambaye kila alasiri barazani kwake, mtaa wa Ng'ambo mjini Tabora, aliwaelekeza wanaokwenda hija juu ya mambo ya meli, aliinama ghafla akatafuta uzi ambao haukuwa umeanguka.

"Haitokei sana, Bi Swaumu," alisema. "Uliza mengine, mama."

Mfaume, aliyemsindikiza mama yake, aliliona hilo. Tangu hapo hakumwamini tena.

Nani wa kumlaumu? Mama ni mmoja. Na enzi zile za Mwingereza, kutoka Tabora mpaka Jidda ilikuwa gari moshi hadi Dar es Salaam, kisha maji matupu, maji matupu, mpaka mtu asahau rangi ya udongo. Bi Swaumu hajapata kuona maji makubwa kuliko ya mto Igombe wakati wa masika. Na roho yake yote kaiweka mikononi mwa Twalibu, kwa kuwa ndiye aliyesafiri mwaka juzi na mumewe, Mzee Mrisho.

Mzee Mrisho hakurudi. Alizikwa Makka. Twalibu ndiye aliyeleta habari, pamoja na sanduku la marehemu, na mji mzima ukasema, bahati iliyoje! Tangu siku hiyo Mfaume hakuwa tena muuza asali kama wauza asali wengine. Alikuwa mtoto wa aliyelala Makka. Sokoni walimpisha, msikitini wakamwachia nafasi safu ya mbele, naye akaizoea.

Ya meli Twalibu aliyajua, tusimdhulumu. Chukua ndimu na tangawizi kavu, kichefuchefu hakina adabu. Usilale karibu na mashine, utachemka kama muhogo. Mzigo wako ufunge kwa kitambaa chenye rangi, maana melini mizigo yote hufanana. Wanaume, ihramu zenu ziwekeni juu juu, mtazivaa humo humo melini kabla ya kuiona Jidda. Lakini akiulizwa ya Makka yenyewe, alikohoa.

"Ya huko mtayaona wenyewe."

Mfaume akaanza kuunganisha mambo. Huyu bwana alirudi bila hata tone la zamzam, bila tende, bila tasbihi. Akiitwa Haji, husema, "Niiteni Twalibu tu." Watu wakaona ni unyenyekevu. Unyenyekevu gani! Haji wa mtaa wa Gongoni alikwenda na kilemba chake mpaka shambani.

"Mama, huyu hajafika Makka," alimwambia nyumbani. "Anakutungia. Atakupoteza njiani, nami nitabaki kulia."

Bi Swaumu alikuwa akipanga vitu vyake. Alikuwa ameshika ihramu ya marehemu, ile iliyorudi na sanduku, bado ina mikunjo aliyoipiga yeye mwenyewe kwa pasi ya makaa siku ya kuagana.

"Mimi namwuliza ya meli tu," alisema. "Ya Makka sijamwuliza hata siku moja."

"Na hiyo ihramu unaipeleka wapi?"

"Namrudishia mwenyewe."

Maskini mama, anakwenda kutafuta kaburi katika mji wa watu, na kiongozi wake ni tapeli! Hata maswali yake yalimtia huruma. Tukishapita Aden, meli husimama? Ukingo wa sitaha ni mrefu, au mtu mzima aweza kuegemea akatazama maji? Nikae upande gani? Hofu hiyo, alijiambia Mfaume. Hofu ya mtu wa bara.

Siku ya kuombana radhi, baraza la Twalibu lilijaa. Wasafiri waliketi na mizigo yao, majirani wakapita wakishikana nao mikono, nisamehe na mimi nimekusamehe. Mfaume alifika wa mwisho. Mkononi alikuwa na msahafu, umefungwa kwa kitambaa cheupe.

"Bwana Twalibu, shika huu. Apa mbele ya watu kwamba Al-Kaaba uliiona kwa macho yako."

"Astaghfirullahi!" watu waliguna. "Mfaume, umeingiwa na nini leo?"

Jasho lilimtoka Twalibu. Hakuutazama msahafu, alimtazama Mfaume.

"Mdogo wangu, nakuomba. Yaache haya. Si kwa ajili yangu."

"Kwa ajili ya nani, basi? Nampeleka mama yangu mzazi baharini kwa maneno yako! Apa!"

Twalibu alificha mikono yake nyuma kama mtoto.

"Siwezi," alisema. "Sikufika. Ndui iliingia melini. Sisi tuliouguza wagonjwa tulifungiwa karantini kisiwani mpaka hija ikapita."

"Mmemsikia?" Mfaume aliruka kwa furaha, sauti ikavuka barabara. "Si niliwaambia? Njia ya mwongo fupi! Mmemsikia kwa masikio yenu?"

Mzee mmoja alishusha macho. Wengine walikuwa wakimtazama yeye, Mfaume, wala si Twalibu, na aliyekuwa karibu naye akasogea kidogo.

Bi Swaumu alijivuta kwenye mkeka mpaka alipokuwa fundi. Ihramu ilikuwa mapajani mwake, imekunjwa vile vile.

"Basi, baba, sasa huna la kunificha," alimwambia taratibu. "Niambie nikae upande gani wa meli. Mume wangu mlimshusha majini upande upi?"