Tonge Sikioni

Kaka yangu Wanyonyi alifinyanga kitonge cha ugali, kidogo kama punje ya mahindi, akakitia sikioni. Akafinyanga kingine cha sikio la pili.

Mke wake hakuona. Alikuwa anatufundisha.

Wifi yangu husomea saikolojia wikendi, na tangu darasa lao lifike mada ya magonjwa ya akili, hakuna aliye timamu Kitengela nzima. Landilodi ana ugonjwa wa kujipenda. Pasta ana bipola, ndiyo maana Jumapili anaruka na Jumatatu hashiki simu. Mimi nina sonona, eti kwa sababu sijaolewa. Haya yote anayasema akitunyooshea mfupa wa kuku, mafuta yakimtiririka hadi kwenye saa.

"Wifi, mimi nikimwangalia mtu mara moja tu, nimemjua."

Basi mwangalie huyo kando yako, niliwaza. Shati ni lile lile la kanisani Jumapili, na leo ni Alhamisi. Redio ameifunika blanketi, na wewe unadhani anaikinga vumbi.

Hatimaye aligeuka, akaona masikio ya mumewe, akacheka. "Huyu na vituko vyake! Eti naongea sana."

Wanyonyi hakucheka. Nilimshika mkono, nikakitoa kitonge cha upande wangu polepole.

"Unaziba nini, ndugu yangu?"

Alinong'ona, macho kwa redio. "Hao watu. Wanasema huyu ameweka kitu kwa kuku. Wewe umekula?"

Wifi alijipangusa mafuta, akaanza kutafuta notsi zake kwa simu.

Mimi nilienda kutafuta viatu vya kaka yangu, nimpeleke hospitali.