Moto wa Matanga

Siku ya tatu ya matanga ya mumewe Kabedi, mkaguzi alikuja kupima mtambo wa jikoni. Siku hizi kila jiko lina mtambo wa kugeuza moshi kuwa methanoli, na anayekutwa penye moshi wa nje hushtakiwa pamoja na aliyewasha moto.

"Shaba ya mtambo wako imekufa, mama. Umepika kupita kiasi."

"Nimetengeneza unga huo wa shaba kiwandani miaka kumi na tisa," Kabedi alisema. "Si shaba yote inayofanya kazi, ni vijisehemu vichache tu inapogusana na zinki. Joto likizidi, chembe hugandana na vijisehemu hivyo hupotea. Tuliwaambia ninyi wa serikali muongeze zinki izitenganishe. Mkapunguza."

"Mimi nafunga majiko tu, mama."

Akalifunga, maharage yakiwa hayajaiva na waombolezaji wakisubiri uani.

Kabedi alibeba sufuria hadi uani, akapanga mafiga, akawasha kuni mbele ya watu wote. Moshi mweusi ukapanda juu ya mapaa.

Shemeji yake ndiye aliyeinuka kwanza. Alivaa viatu, akaondoka bila kuaga. Wengine wakamfuata. Maharage yalipoiva, Kabedi alipakua sahani moja.