Kilichobaki cha Kombo

Siku hizi mtu akifa, tabia zake hukaa kwenye ghala la wilaya mpaka arobaini, kisha huwa za wote. Wacheza kete huzichukua kuundia mashujaa wao wa mezani, vijitu vinavyoinuka kete ikirushwa. Aliyetunga sheria hiyo hajawahi kukaa eda.

Mimi nilikaa, miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba. Nilipotoka nilikwenda moja kwa moja ghalani, nikamwambia karani nataka kumuunda marehemu mume wangu, Kombo, nicheze naye.

"Umechelewa, mama," alisema akitazama orodha. "Kicheko kilichukuliwa siku ya kwanza. Huruma nayo imekwenda. Imebaki tabia moja ambayo hakuna aliyeitaka."

"Ipi?"

"Kununa."

Nikaichukua hiyo hiyo.

Ijumaa alasiri nilikaribishwa kucheza kwa jirani yangu Shamte. Niliandika jina la Kombo kwenye karatasi, nikaibandika ile tabia, nikarusha kete. Kombo akainuka juu ya meza, kimo cha kidole, akaniona, akanipa mgongo. Alikuwa yeye kabisa.

Zamu ikamfikia Shamte. Yeye alikuwa ameunda zimwi; likarusha kichwa nyuma likacheka, na kicheko kile nilikuwa nimeishi nacho miaka thelathini na mmoja.

"Kizuri, eh?" Shamte akaniuliza. "Nilikiwahi ghalani."

Nikamwambia kizuri.

Zamani Kombo akininunia nilikuwa namngoja tu, mwishowe anacheka. Huyu nilimngoja mpaka meza ikakunjwa.