Mnufaika

Gari la matangazo lilipita polepole, kipaza sauti kikitaja wakulima waliopewa mbolea ya ruzuku. "Serikali yenu haina siri!" Mjane aliyekuwa akipalilia kando ya nyumba yake akasikia jina lake, tena pamoja na la baba yake, asije akadhaniwa mwingine. Mifuko sita. Jembe likamponyoka.

Hakuwahi kupewa hata konzi moja.

Kabla vumbi halijatua, wifi yake alikuwa mlangoni na karai. "Hongera, wifi! Nigawie kidogo tu, nami nina shamba."

"Sijapata kitu, wifi. Haki ya Mungu."

"Kwa hiyo gari zima limesema uongo?"

Mjane akamvuta mkono hadi stoo, akafungua mlango wazi. Ndani mlikuwa na kuku mmoja tu, akiatamia. Wifi akainama, akapapasa mpaka chini ya kuku.

Ndipo mjane akamwonyesha mahindi yake, yaliyofika magotini yakakata tamaa, majani ya manjano. "Hebu yatazame! Haya yameonja mbolea haya?"

Wifi akayatazama sana. Kisha akamtazama yeye, juu hadi chini.

"Kumbe umeiuza," akasema.