Mashine ya Kupima Mpaka

GPS ya kwanza ilianguka kwenye sementi, kifuniko cha betri kikaruka mpaka chini ya mifuko ya chumvi. Emilienne hakushughulika kuiokota. Alimkazia macho Faradji.

"Umeiangusha makusudi, Papa Faradji."

"Nimeiangusha sawa vile itaanguka kule mu pori. Mashine yenye inashindwa na meza, itaweza mawe?"

Soraya, mwenye duka, alipiga magoti kutafuta kifuniko. Duka lake la pembeni mwa soko la Kasongo liliuza tochi, redio, simu na, tangu wachimba dhahabu waanze kuziulizia, GPS nne. Sasa zilibaki tatu. Walishakubaliana kwamba watakachovunja watalipa, kwa hiyo aliendelea kutafuta.

Wateja hao wawili walitoka vijiji jirani, upande wa Wamaza, na kila mmoja alikuja na pikipiki yake ili asipumue hewa moja na mwenzake. Kati ya vijiji vyao kulikuwa na ukanda wa pori uliogombaniwa: mihogo ya kina Emilienne huku, michikichi ya kina Faradji kule, na nyumba zilizokuwa zikiongezeka kila msimu. Mpaka wenyewe ulikuwa umeandikwa kwa namba kwenye karatasi ya zamani. Kilichobaki ni kuutembea.

Mwaka uliotangulia mpima ardhi, Bwana Magloire, aliutembea na GPS yake. Mvua ikamkuta katikati ya pori, mashine ikazima, kesi ikarudi mwanzo na kila mtu akabaki alipo. Safari hii Magloire alichoka. Alisema vijiji vichange, vichague vyenyewe mashine ngumu, vimkabidhi leo hii. Kijiji kitakachokwamisha uchaguzi wa mashine, ataandika kwamba ndicho kilichovuka mpaka. Na waliovuka watabomoa nyumba zao, watang'oa mimea yao, watarudi kwao.

Magloire mwenyewe alikuwa nje juani, juu ya pikipiki, akipiga honi.

"Anakuja!" Soraya alimjibu kwa sauti, ingawa hakujua nani anakuja.

GPS ya pili ilikuwa nzuri kuliko zote, kioo kitupu bila vitufe. Emilienne alilowanisha kidole, akaigusa. Haikumsikia. Akaigusa tena. Ikafungua picha ya ndege.

"Na hii kila jioni inaomba kuchajiwa," alisema. "Kule kwetu umeme iko wapi? Toa."

"Mama iko anasema kweli," Faradji alisema, kisha akakasirika kwa kuwa amemuunga mkono. "Lakini usifikiri sikuoni. Mwaka huu muzima umekula muhogo ya pale. Ungependa mashine ikufe tena."

Emilienne aligeuka. "Na wewe? Mawese yenye unauza hapa Kasongo inatoka wapi? Dada yangu amejenga pale. Watoto sita. Unafikiri ninaleta mchezo?"

"Na miye mama yangu amezikwa pale! Nyiye muko nani mpaka mutuambie tutoke?"

Walikuwa wamesogeleana kiasi kwamba Soraya alitia ndoo ya maji katikati yao. Alifanya hivyo kwa haraka, bila kufikiri, lakini ndoo ilisaidia. Faradji aliichukua GPS ya tatu, ya njano, akaizamisha mpaka kiwiko. Wote watatu wakahesabu kimoyomoyo.

Alipoitoa ilikuwa bado inawaka. Emilienne aliinyakua, akaiinua kwenye mwanga wa mlangoni. Ndani ya kioo ukungu ulikuwa umeanza kupanda.

"Maji imeingia," Soraya alisema. Aliipokea, akailaza juu ya kitambaa. "Hii mutailipa na itabaki hapa. Sasa inawaka, lakini mukifika mu pori itazima kabisa. Nimeshaona ya namna hii."

Ya nne ilikuwa nyeusi, nzito, ina mpira pande zote na sura mbaya. Waliiangusha mara tatu. Waliizamisha. Emilienne alipaka vidole udongo akabonyeza vitufe, vikakubali. Faradji akaipeleka uani chini ya mwembe, penye majani mengi, na hapo pia ikaonyesha mahali ilipo. Tena ilikula betri za tochi, zinazopatikana hata Wamaza. Soraya aliisifu kama mtoto wake aliyefaulu mtihani.

"Hii haikufi," alisema. "Mukienda nayo, jioni kila mutu atajua pahali mpaka unapita. Kama haiko vile, muniite mwongo."

Faradji aliitazama ile mashine, kisha ile ya njano juu ya kitambaa. Emilienne alikuwa amekaa juu ya mfuko wa chumvi, akamtazama Faradji. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi hakukuwa na matusi katika macho yale.

Honi ililia tena, ndefu.

"Ngoja niwaletee betri mpya," Soraya alisema, akaingia chumba cha nyuma. Moyo wake ulikuwa umetulia. Leo, alijiambia, nimesaidia vijiji viwili visikatane mapanga.

Aliporudi, pesa zote zilikuwa juu ya meza, na GPS nyeusi kando yake, inawaka. Kitambaa kilikuwa kitupu.

Nje, nyuma ya mlango, mahali ambapo Magloire hakuweza kuwaona, Faradji alikuwa akiifuta ile ya njano kwa pindo la shati lake, taratibu, mpaka ikaonekana kama mpya. Emilienne alikuwa amemshikia boksi la ile nyeusi, wazi, aitie humo.